Gari Jipya Bila Nambari ni Banda la Kuku

Msomaji mpenzi, ukisimama mjini Voi na kutazama upande wa kusini utauona mlima wa Sagalla. Mwenyeji wa huko juu, au wa vijiji vilivyo chini yake, hahitaji mhadhiri wa kumweleza faida ya gari. Ndengu huvunwa mashambani, soko liko Voi. Asali hurinwa kutoka kwenye mizinga iliyotundikwa kuzunguka mashamba ili kuwazuia ndovu wa Tsavo, nayo pia mnunuzi wake yuko mjini. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, hospitali kubwa ya Moi iko huko huko Voi. Bodaboda ni mkombozi, hatukatai, lakini haiwezi kumlaza mgonjwa.

Ndiyo maana aila nyingi zikipata vijisenti, wazo la kwanza ni nyumba ya mawe na la pili ni gari. Na siku hizi kumezuka mtindo mpya. Kijana mwenye simu mfukoni huandikiana moja kwa moja na kiwanda kilicho China au India, akatumiwa picha za gari ambalo halijawahi kukaliwa na mtu, na bei ambayo ikilinganishwa na ya madukani Mombasa au Nairobi humfanya mtu acheke peke yake. "Kwa nini tumpe mwenye duka faida," watu huulizana, "ilhali kiwanda chenyewe kinatuuzia?"

Swali hilo ni zuri. Ila lina mwenzake ambalo watu hulisahau: gari hilo litasajiliwa kwa jina la nani, na kwa karatasi zipi?

Wengi wetu hudhani usajili ni kazi ya mwisho, kama kutia chumvi chakula kikiwa tayari mezani. Sivyo. Usajili wa gari linalotoka nje huanza siku ile kiwanda kinapokuandikia ankara. Ukikosea hapo, kosa husafiri na gari melini, likashuka nalo Kilindini, likapanda nalo mpaka Voi. Matokeo yake ni gari jipya linalong'aa, limeegeshwa uani chini ya mwembe, kuku wamelala chini yake, na mwenyewe anapanda matatu.

Jina ni mali

Tuchukue mfano. Tuseme kuna ndugu watatu, wana wa mzee mmoja wa Sagalla. Kaka mkubwa ni mwalimu, dada anafanya kazi Ghuba, na kitindamimba ana duka Voi. Wanachanga pesa ili wanunue gari la viti saba la kuwafaa wazazi. Dada ndiye mwenye sehemu kubwa zaidi, lakini yuko mbali. Mwalimu ana shughuli. Basi wanakubaliana kwamba kitindamimba ndiye ataandikiana na kiwanda. Naye kitindamimba, kwa kuwa PIN yake ya KRA ina matatizo ya kodi za nyuma, anaomba kutumia PIN ya rafiki yake. "Ni ya kupitishia mzigo tu," anaambiwa kila mtu.

Hapo ndipo mkasa unapozaliwa. Hati ya forodha hubeba jina na PIN ya anayeingiza mzigo nchini. Mamlaka ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, huandikisha gari kwa mara ya kwanza kwa kufuata hati hiyo. Kwa hivyo logibuku ya kwanza itatoka kwa jina la rafiki, mtu ambaye hakutoa hata senti. Ili jina libadilike ni lazima rafiki huyo mwenyewe aingie kwenye akaunti yake ya eCitizen na kukubali kulihamisha gari, na ada ilipwe tena. Akiwa mwungwana, mtapoteza muda na pesa. Asipokuwa mwungwana, mtapoteza gari.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iko wazi: mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye atakayechukuliwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Kuthibitisha vingine ni kazi ya mahakama. Utahitaji risiti za benki, ushahidi wa waliochanga, na wakili.

Na tusisahau kifo, maana hakipigi hodi. Kitindamimba akiwa ametumia jina lake mwenyewe, kisha Mungu akampenda zaidi kabla logibuku haijabadilishwa, gari hilo litahesabiwa katika mali aliyoiacha. Mjane na watoto wake wana haki ya kulidai. Dada aliyeko Ghuba atarudi nyumbani na kukuta kwamba gari alilolitolea jasho limekuwa kesi ya urithi. Hapo wakwe watagombana, wazee wataitwa, na udugu uliojengwa kwa miaka mingi utabomoka kwa sababu ya mstari mmoja kwenye ankara.

Dawa yake ni rahisi. Kabla hata shilingi haijatumwa, kaeni chini, mwandike makubaliano: nani ametoa kiasi gani, gari litaandikwa kwa jina la nani, na akifa itakuwaje. Watieni sahihi mashahidi. Kama ni kikundi, kumbukeni kwamba chama cha kukutania nyumbani tu hakiwezi kuandikwa kwenye logibuku. Tangu mwaka wa 2022 iko Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii. Jisajilini kwanza, mpate cheti na PIN ya kikundi, kisha ndipo muagize gari.

Herufi moja yaweza kukukwamisha

Jambo la pili ni nambari ya chasisi. Magari mapya yanayotengenezwa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo aghalabu huwa na nambari yenye herufi na tarakimu 17. Nambari hiyo lazima ifanane kwenye ankara, kwenye hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, kwenye cheti cha ukaguzi wa ubora, kwenye hati ya forodha, na kwenye bati la gari lenyewe. Karani mmoja akiandika vibaya herufi moja, mitambo ya forodha na ile ya NTSA haitaelewana. Kwao hayo ni magari mawili tofauti.

Nikupe siri moja ndogo, mwanafunzi uliye nyumbani waweza kumsaidia baba kwa hili. Katika nambari hizo za tarakimu 17, herufi I, O na Q hazitumiwi kamwe, ili zisichanganywe na moja na sufuri. Basi ukiona kwenye karatasi pameandikwa herufi O, jua hapo kuna kosa. Mwambie mwuzaji arekebishe kabla meli haijang'oa nanga. Kurekebisha hati ya shehena gari likiwa bado kiwandani ni barua tu. Kuirekebisha gari likiwa bandarini ni barua, ada, na kila siku inayopita baada ya zile za bure huongezewa gharama za hifadhi.

Angalia pia usukani. Viwanda vingi huko nje hutengeneza magari ya usukani wa kushoto kwa ajili ya watu wao. Sisi Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hivyo usukani hutakiwa kuwa kulia. Gari la usukani wa kushoto halikubaliwi ila kwa kazi maalumu, mathalani magari ya kuzima moto. Sharti la gari kutozidi miaka minane halikuhusu wewe unayenunua jipya, lakini cheti cha ubora kinachotakiwa na shirika la KEBS kinakuhusu sana. Ukaguzi huo hufanywa huko huko linakotoka, kabla halijapakiwa. Usikubali kuambiwa "tutalikagua likifika".

Bei ya kiwandani si bei ya Sagalla

La tatu ni hesabu, na hapa ndipo wengi hukwama wakiwa wamebakisha hatua moja. Gari halisajiliwi kabla ushuru wake haujalipwa. Hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme gari la petroli, injini yake ni zaidi ya cc 1500 lakini haizidi 3000, na thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima ni Sh1,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 35 kilichoanza Julai 2023, ushuru wa forodha ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 haupigwi kwenye ile milioni moja pekee, bali kwenye milioni moja pamoja na ushuru wa kwanza, na hiyo ni Sh337,500. Kisha kodi ya VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya yote hayo, nayo ni Sh270,000. Jumla ni Sh957,500, na bado hujalipa tozo za uagizaji na za reli, bandari, wakala, wala ada ya usajili.

Kwa ufupi, gari la milioni moja ni gari la milioni mbili. Tena maofisa wa forodha hawaiamini ankara yako kwa macho tu. KRA ina orodha yake ya bei za magari, na modeli mpya isiyojulikana sana nchini yaweza kuzua mabishano kuhusu thamani yake. Viwango vyenyewe hubadilika bajeti inaposomwa mwezi Juni, kwa hivyo ulizia upya wiki ile unayotaka kulipa.

Wapo watakaouliza, kwa nini basi tusinunue gari linalotoka kiwanda cha hapa kwetu? Ni ndoto ya zamani hiyo. Mnamo Februari 1990 Rais Moi alizindua gari la Nyayo Pioneer pale Kasarani, na Wakenya wakapiga vigelegele, lakini halikufika sokoni. Leo viko viwanda vya kuunganisha magari Mombasa, Thika na Nairobi. Vipande vinavyoletwa kuunganishwa havitozwi ushuru wa forodha, na mwuzaji wa hapa ndiye anayeshughulikia usajili wa kwanza. Ile faida unayoona uchungu kumwachia mwenye duka, sehemu yake ndiyo ya kulipia usumbufu huo, pamoja na udhamini gari likiharibika. Pima mwenyewe.

Kusubiri nambari

Hata karatasi zikiwa safi, bado kuna nambari zenyewe. Hutengenezwa katika gereza la Kamiti. Mwaka wa 1989 ndipo herufi ya mwisho ilipoongezwa, na Agosti 2022 zikazinduliwa nambari mpya zenye alama za usalama. Kumewahi kuwa na vipindi vya upungufu ambapo wanunuzi wa magari na pikipiki walisubiri kwa majuma mengi.

Wakati wa kusubiri, shetani huja na ushauri. "Funga nambari ya gari lile bovu la mjomba, twende zetu." Usithubutu. Hilo ni kosa la jinai, na ajali ikitokea utakuwa huna pa kujitetea. Mwingine atakuambia uazime nambari za KG. Hizo hutolewa kwa wafanyabiashara wa magari wenye leseni, kwa shughuli za biashara hiyo. Si za kwendea harusini wala za kubebea ndengu. Kampuni ya bima nayo yaweza kukuandikia bima kwa nambari ya chasisi, lakini karatasi hiyo haikupi ruhusa ya kuingia barabara kuu ya Mombasa na gari lisilosajiliwa.

Basi, msomaji, kabla hamjatuma pesa, mwulizeni mwuzaji na wakala maswali haya manne. Ankara na hati ya shehena zitaandikwa kwa jina na PIN ya nani? Nambari ya chasisi ni ipi, na tunaweza kuona picha ya bati lake? Nani atalipia cheti cha ubora, na kitatolewa lini? Gharama yote mpaka nambari zifungwe ni kiasi gani? Wakala awe mwenye leseni, na majibu yake yawe kwa maandishi. Anayekujibu "usijali, mimi nina watu wangu" ndiye wa kumwogopa.

Tena, hakikisha kila anayetajwa ana akaunti yake ya eCitizen na neno lake la siri analijua mwenyewe. Mzee aliyefunguliwa akaunti na kijana wa duka la kompyuta, kisha kijana akahamia Nairobi, hawezi kukubali gari lake mwenyewe.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwezi mmoja wa kukagua karatasi ni afadhali kuliko mwaka wa kulipangusa vumbi gari lisilotoka uani. Siku mama atakaposhikwa na uchungu usiku, hakuna atakayekuuliza ulilinunua kwa bei gani. Watakuuliza kama linaweza kuteremka mpaka Voi.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.