Lori la Karafuu na Leseni ya Dereva



Msimu wa kuchuma ukifika, mtu huazima lori akamkabidhi usukani mwanawe, kwa kuwa "anajua kuendesha". Naona tunakosea. Kujua usukani ni jambo moja, leseni ni jingine. Huko Bara leseni ya daraja D haimruhusu mtu kuendesha gari la biashara; hilo lina daraja lake. Nasi visiwani, wenye sheria yetu ya barabara, tusidhani leseni ya motokaa ndogo yatosha kwa lori. Karafuu ulizozianika siku kadhaa zikimwagika mtaroni, na wachumaji wamekaa juu ya magunia (tabia mbaya hiyo!), utawaambia nini jamaa zao? Tazameni daraja lililoandikwa katika leseni kabla halijapakiwa gunia la kwanza.