Panya wamepona makovu ya mapafu, wachimba mawe Thika wangali vumbini

Malori yaliyosheheni mawe ya kujengea ni jambo la kawaida katika barabara za Ruiru, Juja na Thika. Mawe hayo, maarufu kwa jina la Ndarugo, hukatwa kwa misumeno ya mashine, na kila mkato huinua wingu la vumbi. Vumbi la mawe lenye silika likivutwa kwa miaka mingi hujeruhi mapafu, nayo majeraha hugeuka makovu. Mapafu hukakamaa, pumzi zikapungua. Hadi sasa hakuna dawa ya kuyafuta makovu hayo.

Ndiyo maana utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Medicine, ulizua matumaini. Panya waliotiwa makovu mapafuni kwa bleomycin, dawa ya saratani yenye madhara hayo, walivutishwa homoni ya tezi ya shingo. Makovu yalipungua na panya wengi zaidi wakanusurika. Sobetirome, dawa inayoiga homoni hiyo, nayo ilipunguza makovu.

Hata hivyo, kuna umbali mkubwa baina ya maabara na machimbo. Bleomycin humjeruhi panya kwa muda mfupi, na mara nyingi mapafu yake huanza kupona yenyewe baada ya wiki kadhaa. Silika, kwa upande wake, hubaki mapafuni na kuendelea kujeruhi hata baada ya kibarua kuacha kazi.

Aidha, historia inatahadharisha. Relaxin, homoni ya ujauzito, ilizuia makovu ya mapafu ya panya katika utafiti wa mwaka 1996. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wanaokakamaa ngozi na viungo vya ndani, matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa haikuwafaa. Pirfenidone na nintedanib, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, hupunguza tu kasi ya ugonjwa.

Kwa mchimba mawe, basi, kinga ndiyo tegemeo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri achukue kila hatua inayowezekana kuwakinga wafanyakazi dhidi ya vumbi. Kumwagia maji msumeno unapokata na kutoa barakoa zinazofaa si teknolojia ya kusubiriwa kutoka ng'ambo.

Ugumu uko kwenye utekelezaji. Kwa kawaida ugonjwa huu hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, wakati kibarua asiye na mkataba ameshahama machimbo kadhaa. Sheria ya fidia, pia ya mwaka 2007, inatambua magonjwa ya kazini, lakini atamdai nani bila rekodi? Kumpima mapafu kila anayeajiriwa, na kuhifadhi jina lake, kungeanza kulijibu swali hilo wakati watafiti wakiendelea na panya wao.