Kilwa Ukutani

Ugomvi wa mwezi huu hauna nyumba ndogo wala simu ya usiku. Ni picha tu. Maharusi wawili wameenda Lushoto kula fungate, ukutani pale walipofikia wakakuta nakala ya mchoro wa zamani: Aden juu, chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Bibi harusi kaipenda, anataka ya kwake sebuleni. Bwana kagoma: "Uongo wa wazungu huo. Kilwa gani yenye majumba ya Ulaya?" Wamerudi Dar wamenuniana, ndipo nikapigiwa simu. "Dada, tuamue."

Bwana ana hoja, tusimuonee. Mchoro ule umetoka kwenye Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha miji ya dunia kilichoanza kuchapwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572. Mwandishi alikuwa Georg Braun, mchongaji Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen, ambayo leo iko Ubelgiji. Hogenberg alifuata michoro na habari za watu wengine, na palipopungua akajazia kwa majumba aliyoyazoea. Tena kibaya zaidi, Wareno walishaivamia na kuipora Kilwa mwaka 1505, na Mombasa mwaka huo huo. Kwenye picha kumetulia tuli, utadhani hakuna aliyelia.

Lakini shosti naye kaona kitu. Kitabu hicho hicho kina London na Paris. Yaani mtu wa Ulaya anafunua kurasa, London hii, Paris hii, mara Kilwa! Na haikuwa hisani. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji ule kwa uzuri, na Msikiti Mkuu wenye kuba magofu yake yapo mpaka leo. UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981.

Sasa, kuitazama. Usiitazame kama fotografia, utachoka haraka. Kumbuka kila mstari mtu kauchimba kwa mkono kwenye bamba la shaba, wino ukaingia mferejini, karatasi yenye unyevu ikabanwa juu yake. Rangi zilipakwa baadaye kwa brashi. Halafu mji umeonyeshwa toka juu, na enzi hizo nani alikuwa na ndege? Ukiwa Lushoto nenda Irente, simama pale ukingoni (mshikane mikono, kuna bonde!) uone Mazinde kule chini: nyumba kama viberiti, barabara kama uzi. Jicho hilo mchongaji alilibuni akiwa amekaa mezani. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Kituko kimoja: Braun alieleza kwamba wamechora watu mbele ya miji makusudi, ili Waturuki, ambao dini yao inakataza picha za watu, wasivitumie vitabu hivyo kivita. Hebu fikiria, wanamitindo wa mapambo kumbe walinzi!

Uamuzi wangu: picha inunuliwe, nakala inatosha, itundikwe pale mnapolia chakula, siyo juu ya televisheni ambako hakuna atakayeiona. Na bwana aandike chini ya fremu kwa mkono wake mwenyewe: Kilwa, ilivamiwa 1505, ikachorwa 1572. Bibi kakubali. Bwana naye kaongeza sharti, anataka na soko la Lushoto lichorwe na kijana wa kule kule, likae pembeni yake. Hapo sasa wanabishania bei.