Popobawa si hoja ya kuwapo kwa Mungu
Mjadala wa kuwapo kwa Mungu ukipamba moto barazani Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, hakosi mtu wa kumtaja Popobawa, jini anayedaiwa kuwakaba watu usingizini: majini wapo, tuliyaona mambo yao mwaka 1995, basi na Mungu yupo. Mimi ni muumini, na hoja hii inanikera. Mwaka ule watu wa Pemba walilala nje ya nyumba zao, wamebanana mikekani kando ya moto, na hofu ikavuka bahari hadi Unguja na Dar es Salaam. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini kukabwa usingizini, kifua kimeelemewa, huwezi kuinuka wala kupiga kelele, ni hali ambayo madaktari wanaijua, nayo huwapata watu dunia nzima, wenye dini na wasio nayo. Na hata maulamaa wa hadithi za Mtume hawakupokea kauli kwa sababu tu msemaji ana yakini. Waliuliza kaipokea kwa nani, na kumbukumbu yake ikoje. Iweje sisi tuwe wepesi wa kuamini katika jambo kubwa kuliko yote? Anayemtetea Mungu na aanze na swali la kwa nini ulimwengu upo, Popobawa amwache.