UCHAMBUZI: Mtungi wa Sosiot na meli iliyoko Mombasa

MPISHI wa Sosiot, katika Kaunti ya Kericho, anapoinua mtungi wa kilo sita na kuukuta mwepesi, hubaki na njia mbili: kutafuta fedha za kuujaza au kurejea kwenye mafiga na kuni. Uamuzi huo huonekana kuwa wa jikoni tu. Hata hivyo, sehemu yake huamuliwa Mombasa, zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo, na wataalamu ambao hata mabaharia wengi hawawafahamu: wale wanaopima iwapo meli ya gesi na gati linaloisubiri vinaoana.

Suala la kuoana si geni kwa Mkenya. Kabla ya kanuni za 2009, vali za mitungi zilitofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na aliyenunua mtungi wa kampuni fulani alikuwa kama aliyefunga ndoa nayo. Kanuni hizo zililazimisha vali ya aina moja, na mteja akapata nafasi ya kuchagua. Kwa meli, hakuna sheria inayoweza kuzifanya zote zifanane, hivyo kila moja hupimwa peke yake.

Kipimo huanza na mambo ya wazi: urefu wa meli, kina inachozama ikiwa na shehena, nguvu za kamba na mahali pa kuzifunga. Kisha huangaliwa kimo cha midomo ya mabomba yake. Mombasa, wakati wa bamvua, maji kujaa na kupwa hupishana kwa takriban mita tatu, na meli yenyewe huinuka kadiri inavyopakuliwa. Mkono wa kupakulia uliofika vizuri asubuhi waweza kuwa mfupi ifikapo adhuhuri.

Ugumu hasa uko kwenye gesi yenyewe. Propani huchemka ikiwa nyuzi 42 chini ya sufuri. Butani huchemka karibu na sufuri. Zipo meli zinazoibeba kwa shinikizo, nyingine kwa kuipoza, na nyingine kwa njia zote mbili. Ikiwa matangi ya nchi kavu yamejengwa kwa gesi ya shinikizo katika joto la kawaida, meli iliyobeba gesi baridi haina budi kuwa na mitambo ya kuipasha njiani. Chuma kisichoandaliwa kwa baridi hiyo hupoteza ukakamavu wake na huweza kuvunjika kama kigae. Aidha, mifumo ya dharura ya pande zote mbili sharti iunganishwe. Vali ya gatini ikijifunga ghafla huku pampu za meli zikiendelea kusukuma, mshindo wake unatosha kupasua bomba.

Je, haya yanamgusaje mkulima wa majani chai? Yanamgusa kupitia nauli. Shehena kubwa hupunguza gharama ya kusafirisha kila tani, lakini meli kubwa haina faida pasipo gati na bohari ya kuipokea. Hadi mwaka 2013, Kenya ilitegemea shehena ndogo zilizopitia Shimanzi pamoja na gesi ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ambacho kilisitisha usafishaji mwaka huo. Mwaka huohuo bohari ya Africa Gas and Oil ilifunguliwa Mombasa ikiwa na uwezo wa tani 10,000, ambao baadaye ulipanuliwa hadi tani 25,000. Meli kubwa kabisa za gesi hubeba zaidi ya tani 40,000. Hesabu hiyo peke yake yaonyesha kwamba hata gati likiwa na kina cha kutosha, tangi laweza kukataa.

Serikali imekuwa ikivuta kamba kutoka upande wa kodi. VAT ya asilimia 16 ilirejeshwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa 2023. Katika sensa ya 2019, asilimia 55.1 ya familia nchini zilipika hasa kwa kuni. Zilizotumia gesi zilikuwa asilimia 23.9. Kericho, ambako viwanda vya majani chai navyo huchoma kuni kukausha majani, mti hugombaniwa na wengi.

Kodi hufutwa kwa kalamu. Gati haliongezwi kina kwa njia hiyo. Kituo kipya cha mafuta cha Kipevu, chenye magati manne, kilizinduliwa 2022 na kiliandaliwa kwa ajili ya gesi pia. Februari 2023 Rais William Ruto aliweka jiwe la msingi la bohari ya Taifa Gas ya tani 30,000 huko Dongo Kundu. Ushindani unatarajiwa, na ni jambo jema. Lakini kila gati jipya huanza upya kazi ya kupima meli baada ya meli, na mfanyabiashara aliyekwisha kulipia shehena hapendi kuambiwa kwamba meli yake haifai. Meli ikikaa nangani, fidia ya kucheleweshwa huhesabiwa kwa siku, na bili hiyo huweza kuifikia bei ya mtungi wa Sosiot.

Shinikizo la kulegeza masharti hutokea hapo. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, mwanzoni mwa Februari 2024, ulitokea katika kituo cha kujazia gesi ambacho mamlaka ya EPRA ilisema ilikuwa imekikatalia kibali mara tatu mwaka uliotangulia, kwa sababu kilikuwa karibu mno na makazi. Tathmini ilikuwapo, tena iliyoandikwa. Malori yaliendelea kuingia.