RNA, Ini na Sindano ya Siku ya Kwanza
Mwaka 2024 Ambros na Ruvkun walitunukiwa Nobeli kwa ugunduzi wa maikro-RNA, vijinyuzi visivyounda protini bali hudhibiti jeni. Tangu hapo kila mwanafunzi ananiletea pendekezo juu ya miR-122, iliyojaa tele katika ini na ambayo hupungua katika saratani nyingi za kiungo hicho. Kirusi cha homa ya ini C nacho huitegemea hiyohiyo ili kuzaliana! Sayansi ya kuvutia, sikatai.

Ninachokipinga ni ushabiki. MRX34, dawa iliyoiga miR-34a, ilisimamishwa kujaribiwa mwaka 2016 kwa madhara makali ya kinga. Taiwan, iliyoanza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984, iliona saratani ya ini ikipungua kwa watoto wake. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Basi nawauliza ninyi mnaoandika bajeti, na mnaokula mahindi yaleyale yenye sumukuvu: zahanati ya kijijini kwenu inayo sindano hiyo leo?