Marubani wa akiba: Saa za kusubiri simu nazo ni kazi

MAPEMA Desemba 2025, maelfu ya abiria walikwama kwa siku kadhaa katika viwanja vya ndege vya India. IndiGo, shirika kubwa zaidi la ndege nchini humo, ambalo lilianza safari za Mumbai–Nairobi Agosti 2023, lilifuta safari zaidi ya 1,000 katika siku moja tu, Desemba 5. Ndege zilikuwapo na mafuta yalikuwapo. Waliokosekana ni marubani waliopumzika kiasi cha kuruhusiwa kisheria kurusha ndege.

Kanuni mpya za mapumziko zilikuwa zimeanza kutumika kikamilifu Novemba 1. Mapumziko ya wiki yalipanda kutoka saa 36 hadi 48, na idadi ya kutua usiku ikashuka kutoka mara sita hadi mbili. Kanuni hizo hazikuja ghafla, kwani zilitangazwa Januari 2024. Shirika lenyewe lilikiri kuwa halikupanga vizuri. Serikali ililazimika kulilegezea masharti ya usiku kwa muda ili safari zirejee, hatua iliyopingwa na vyama vya marubani.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Gikomba au Kampala anayefuata mzigo Mumbai, Dubai au Guangzhou, sakata hilo si habari ya mbali. Linaonyesha jinsi ratiba ya ndege inavyotegemea kundi ambalo abiria hawalioni: marubani wa akiba.

Rubani wa akiba hana safari aliyopangiwa. Anakaa nyumbani, hotelini au uwanjani akisubiri simu. Mwenzake akiugua, au ndege ikichelewa hadi muda wa kazi wa rubani wake ukaisha, yeye ndiye anayeitwa. Shirika lenye akiba ndogo huokoa fedha za mishahara, lakini hitilafu moja ya asubuhi huweza kuvuruga safari za siku nzima.

Swali gumu ni hili: je, saa za kusubiri ni mapumziko au ni kazi? Wanaosafirisha mizigo kwa barabara wanalijua jibu. Dereva wa lori aliyekaa saa kumi kwenye foleni ya Malaba hakuwa akiendesha, lakini hakuna anayeweza kusema amelala. Rubani aliyeamka alfajiri akishika simu yuko katika hali hiyo hiyo. Akiitwa jioni na kurushwa usiku kucha, atatua alfajiri akiwa macho kwa karibu siku nzima. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi ndipo mwili hudai usingizi zaidi, na uwezo wa kuamua haraka hushuka.

Marekani ililijibu swali hilo baada ya msiba. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na watu 50 wakafa. Wachunguzi walisema chanzo ni rubani kukosea alipopata onyo kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Waliongeza kuwa huenda uchovu ulipunguza ufanisi wa marubani wote wawili. Msaidizi wa rubani alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kufika kazini.

Kanuni zilizofuata, zilizoanza Januari 4, 2014, zinadai mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, yenye nafasi ya kulala saa 8. Anayesubiri uwanjani huhesabiwa yuko kazini tangu dakika ya kwanza. Anayesubiri nyumbani kwa simu ya haraka hawezi kuwekwa akiba zaidi ya saa 14. Kwa safari ya kawaida ya marubani wawili, kusubiri na kazi kwa pamoja havizidi saa 16. Aliyeanza kusubiri saa 11 alfajiri na kuitwa saa 8 mchana amebakiwa na saa 7 tu.

Hata hivyo, kanuni hizo ziliyaacha nje mashirika ya mizigo, kwa hoja kuwa gharama ingezidi faida. Agosti 14, 2013, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Birmingham, Alabama, na marubani wake wawili wakafa. Uchovu ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Bado msamaha huo haukuondolewa, ingawa anga na uchovu ni vile vile kwa abiria na kwa marobota.

Kwa Afrika Mashariki, suala hili lina mahali pa kujadiliwa. Wakala wa jumuiya wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, una kazi ya kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linazitaka nchi ziweke kanuni za kudhibiti uchovu, lakini linaziachia kuamua viwango. Hapo ndipo nchi jirani zinaweza kutofautiana, na shirika lenye ndege chache likashawishika kuwabana marubani wachache lilionao.

Mapumziko yana gharama. Marubani zaidi maana yake ni mishahara zaidi, na sehemu yake itaingia kwenye nauli na ada ya kilo. Lakini mfanyabiashara hulipa pia akiba inapokuwa ndogo: hoteli asiyoipanga, mzigo uliolala ghalani, mteja aliyekwenda kwa mwingine. Tofauti ni kwamba gharama ya kwanza anaijua kabla ya kukata tiketi, na ya pili humkuta njiani.

Vyama vya wafanyabiashara huketi na serikali kuhusu ushuru, vizuizi vya barabarani na vyeti vya uasilia wa bidhaa. Vina sababu ya kuongeza maswali mawili kwenye orodha hiyo: saa za kusubiri za rubani zinahesabiwaje katika kila nchi mwanachama, na je, rubani wa ndege ya mizigo analindwa sawa na wa abiria?